Halifax: anzia majini, kilimani utapanda baadaye

Mgeni wa Halifax, mji mkuu wa jimbo la Nova Scotia mashariki mwa Kanada, karibu kila mara huelekezwa kwanza Citadel Hill, kwenye ngome iliyo juu ya kilima katikati ya mji. Ngome ni nzuri, lakini ukianza nayo utashuka umeona mizinga na sketi za Kiskoti tu, mji wenyewe bado hujauelewa. Halifax ni bandari kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Wamikmaq, wenye nchi yao, walipaita Kjipuktuk, yaani bandari kuu, zamani sana kabla Waingereza hawajajenga mji hapo mwaka 1749. Na vitu vya maana vilivyomo kwenye makumbusho ya hapa, vingi viliingia kwa maji, vikatoka kwa maji, au viliokotwa majini.

Kwa hiyo tazama ramani kabla ya kununua tiketi yoyote. Bandari ina umbo la kibuyu. Mdomo umeelekea Atlantiki. Upande wa magharibi kuna Halifax, wa mashariki Dartmouth, halafu maji yanabanwa kwenye shingo nyembamba iitwayo Narrows, kisha yanafunguka kuwa tumbo pana na tulivu, Bedford Basin. Maji haya hayagandi wakati wa baridi, ndiyo maana katika vita vyote viwili vya dunia misafara ya meli ilijipanga humo tumboni kabla ya kuvuka kwenda Ulaya. Meli zote sharti zipite shingoni. Ukilishika hilo, nusu ya unayoyaona makumbushoni yatajieleza.

Siku mbili zinatosha: ya kwanza gatini na katikati ya mji, ya pili kaskazini. Katikati ya mji panatembeleka kwa miguu, ila mitaa inayopanda kutoka gatini kwenda kilimani ni mifupi na mikali. Mwenye kigari cha mtoto au magoti mabovu apande teksi kwenda juu, kisha ateremke kwa miguu.

Mambo machache yanayoharibu safari za watu, tuyamalize mapema. Jumatatu ya majira ya baridi ni siku mbaya, kwa sababu makumbusho kadhaa hufungwa na mengine hupunguza saa. Maonyesho ya ndani ya Citadel hufungwa kipindi chote cha baridi, na bustani ya Public Gardens nayo hufungiwa geti. Anayetaka kuona kila kitu aje kati ya Juni na mwanzoni mwa Oktoba. Kwenye basi dereva hatoi chenji: ama uwe na nauli kamili mkononi, ama ununue tiketi kwenye programu ya simu iitwayo HFXGO. Kutoka uwanja wa ndege wa Stanfield, ulio kilomita kama 35 nje ya mji, kuna basi namba 320, na bei yake hailingani hata kidogo na ya teksi. Halafu kodi: bei iliyobandikwa dukani au kwenye menyu siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo, HST, ambayo tangu Aprili 1, 2025 ni asilimia 14, huongezwa unapolipa.

Gatini

Maritime Museum of the Atlantic iko Lower Water Street, ukingoni kabisa mwa maji. Sehemu ya jengo ni duka la zamani la vifaa vya meli, la William Robertson na mwanawe, na rafu zake bado zimejaa kamba, taa na kapi. Wengi hulipita mbio wakitafuta Titanic. Wewe simama kidogo, kwani ndipo unapoona mji huu ulikula kwa kazi gani.

Kwenye chumba cha Titanic kuna kiti cha kukunja cha sitahani na vipande vya mbao zilizochongwa, vyote viliokotwa vikielea. Meli ilipozama Aprili 15, 1912, Halifax ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya karibu yenye meli za kutandaza nyaya za simu baharini, yaani meli zilizozoea kukaa muda mrefu mahali pamoja katikati ya Atlantiki. Mojawapo, Mackay-Bennett, ilipelekwa ikiwa na barafu na majeneza. Ilipata miili 306, mingi kuliko ilivyojiandaa, na 116 kati yake ikazikwa hukohuko baharini. Kwa jumla miili 209 ilifikishwa Halifax. Mingine ilichukuliwa na jamaa, na 150 ikazikwa hapa mjini.

Kitu kimoja kwenye chumba hicho kitazame kwa karibu: jozi ya viatu vidogo vya mtoto, vya ngozi, vimechakaa. Nguo za waliokufa zilichomwa moto ili wawindaji wa kumbukumbu wasizichukue. Polisi aliyesimamia, sajenti Clarence Northover, alishindwa kuvichoma hivi viatu akaviweka. Familia yake ilivitoa kwa makumbusho mwaka 2002. Wakati huohuo wanasayansi walikuwa wakitafuta jina la mtoto aliyezikwa bila kutambuliwa, na jibu lao la kwanza likawa mtoto wa Kifini wa miezi 13. Tatizo likawa viatu, kwa maana vilikuwa vikubwa mno kwa mtoto wa umri huo. Vipimo vikarudiwa, na mwaka 2007 jina likapatikana: Sidney Goodwin, Mwingereza wa miezi 19. Kumbuka viatu hivi kesho utakapofika makaburini.

Chumba cha pili cha kukaa nacho ni cha mlipuko wa Desemba 6, 1917. Asubuhi ile meli ya Kifaransa Mont-Blanc iligongana na meli ya Kinorwe Imo palepale shingoni mwa kibuyu. Mont-Blanc ilikuwa imebeba vilipuzi, yaani asidi ya pikriki, TNT na pamba ya baruti, na juu ya sitaha ilipangiwa mapipa ya benzoli, mafuta yanayoshika moto upesi. Mgongano wenyewe haukuwa mkubwa. Mapipa ndiyo yaliyopasuka, benzoli ikamwagika, cheche za chuma kwa chuma zikaiwasha. Kwa dakika karibu 20 meli iliwaka huku ikisukumwa na maji kuelekea gati la upande wa Halifax, na watu wakajaa madirishani kutazama moshi. Saa tatu na dakika nne ikalipuka. Waliokufa ni karibu 2,000, waliojeruhiwa 9,000, na wengi walipoteza macho kwa vioo vya madirisha yaleyale waliyokuwa wakichungulia. Siku iliyofuata theluji kubwa ikawafunika waliokuwa bado chini ya vifusi. Vitu vya Vincent Coleman vimewekwa humo. Alikuwa karani wa simu za reli aliyerudi mezani kwake kupeleka ujumbe wa kuzuia treni zisiingie mjini, akafa akiwa kazini.

Nje, meli CSS Acadia imefungwa kwenye gati la makumbusho. Iliundwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1913 kwa ajili ya kupima kina cha bahari, ikapona kwenye mlipuko, na ikatumika katika jeshi la majini la Kanada kwenye vita vyote viwili. Miezi ya joto unaruhusiwa kupanda. Ngazi zake ni nyembamba na zimesimama wima, kwa hiyo vaa viatu bapa. Kwa makumbusho na meli tenga saa mbili na nusu, hata kama vijitabu vinasema saa moja.

Fuata njia ya mbao kando ya maji kuelekea kusini, mwendo wa dakika kama ishirini, ufike Pier 21. Kati ya 1928 na 1971 karibu wahamiaji milioni moja waliingia Kanada kwa banda hili, na sasa ni makumbusho ya taifa ya uhamiaji. Maonyesho yenyewe yamepangwa vizuri bila kushangaza sana. Thamani kubwa ya mahali hapa ni kituo cha historia ya familia, ambako wafanyakazi hukusaidia kutafuta rekodi za kuwasili. Mwenye ndugu aliyepita hapa aje na mambo manne yameandikwa tayari: jina kama lilivyoandikwa wakati ule, siyo linavyoandikwa leo, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufika, na jina la meli kama lipo. Utafutaji hukwama mara nyingi kwenye herufi za jina, maana makarani waliandika walivyosikia.

Jioni panda kivuko kwenda Dartmouth. Kimekuwa kikivuka tangu 1752, nauli ni ileile ya basi, na tiketi yako ya kuhamia basi jingine hukubaliwa humo. Mtalii anayelipia boti la matembezi ili kuona mji kutoka majini angeona mandhari hayohayo kwa nauli ya basi. Kaa sitaha ya juu, upande wa kushoto wakati wa kwenda, utazame kaskazini kuelekea Narrows. Soma pia jina la kivuko ubavuni: kimoja kinaitwa Vincent Coleman, kingine Viola Desmond.

Huyo Viola Desmond huenda unaye mfukoni. Yumo kwenye noti ya dola 10 ya Kanada, ile iliyochorwa wima, na nyuma ya uso wake kuna ramani ya mitaa ya kaskazini ya Halifax, pamoja na Gottingen Street alikokuwa na saluni. Mwaka 1946, katika mji wa New Glasgow, alikataa kuhama kiti cha chini cha sinema ambacho Weusi hawakuruhusiwa kukaa. Mashtaka aliyofunguliwa yalihusu senti moja ya kodi ya tiketi. Alifutiwa hatia mwaka 2010, miongo minne na zaidi baada ya kufa.

Kilimani saa sita kasorobo

Citadel upande mchana, kwa sababu ya mzinga. Hulia saa sita kamili kila siku isipokuwa Krismasi, na umefanya hivyo tangu miaka ya 1850. Fika saa sita kasorobo, simama juu ya ukuta upande upepo unakotoka. Aliye upande upepo unakoelekea hupigwa na moshi wa baruti nyeusi usoni. Hakuna risasi, ni baruti tupu, lakini kishindo kinaingia kifuani, na watoto wadogo wazibwe masikio kabla, siyo baada. Angalia askari wanavyofanya kazi: mmoja anashindilia mfuko wa baruti kwa mti mrefu, mwingine anautoboa kupitia tundu la nyuma, kisha kiwashio kinatiwa tunduni na kamba inavutwa. Sare ni za kikosi cha 78 cha Waskoti, kilichokaa Halifax kuanzia 1869 hadi 1871.

Ngome unayoiona, yenye umbo la nyota, ni ya nne kujengwa kilimani hapo. Ilijengwa kuanzia 1828 hadi 1856 na haikushambuliwa hata siku moja. Msomaji wa Afrika atapenda zaidi habari za ile ya tatu, kwa sababu walioifanyia kazi ni pamoja na Wamaroon, Weusi huru wa milimani Jamaika waliohamishiwa Halifax kwa nguvu mwaka 1796. Mwaka 1800 walipakiwa tena melini, wakapelekwa Sierra Leone. Kabla yao, Januari 15, 1792, meli 15 zilikwisha kung'oa nanga bandarini hapa na Weusi karibu 1,200 waliochoka kungoja ardhi waliyoahidiwa baada ya kuwapigania Waingereza huko Marekani. Hao ndio walioanzisha Freetown. Ukiwa ukutani, geuka utazame mdomo wa bandari: walitokea pale.

Ukishuka, pita saa ya mji iliyo chini ya kilima, iliyoanza kazi mwaka 1803, kisha uende uwanja wa Grand Parade. Kanisa la St. Paul's la mwaka 1750 ndilo jengo kongwe kuliko yote mjini, na juu ya mlango wa ndani kuna kipande cha fremu ya dirisha kilichorushwa na mlipuko kikajikita ukutani. Hakijatolewa mpaka leo. Mkabala wake ni jengo la halmashauri ya mji. Usirekebishe saa yako kwa uso wa kaskazini wa mnara wake, kwani umesimamishwa saa tatu na dakika nne.

Maktaba kuu ya Spring Garden Road, iliyofunguliwa 2014, ni bure na ina mandhari mazuri kutoka ghorofa ya tano. Kimbilio zuri la mvua. Jumba la sanaa la Nova Scotia huingiwa bure Alhamisi jioni, saa kumi na moja hadi saa tatu usiku. Humo wameiweka nyumba nzima ya mchoraji Maud Lewis, ambayo haifiki mita tano kwa upande wowote, imepakwa maua na ndege mpaka kwenye jiko na vioo. Na kijiji cha wavuvi cha Peggy's Cove, penye mnara mweupe wa taa wa 1915, ni kilomita kama 43 kutoka mjini na basi la mji halifiki. Bila gari ni lazima ulipie ziara. Huko usikanyage mawe meusi. Weusi ule ni alama ya mahali mawimbi yanapofika, na watu wamechukuliwa na maji hapo bahari ikionekana shwari.

Kaskazini

Siku ya pili tafuta gari au panga mabasi vizuri, maana sehemu hizi tatu zimetawanyika.

Anza na makaburi ya Fairview Lawn, kwenye Windsor Street. Hakuna kiingilio. Kati ya wale 150 wa Titanic, 121 wamezikwa hapa. 19 wako makaburi ya Kikatoliki ya Mount Olivet na 10 makaburi ya Kiyahudi ya Baron de Hirsch, ukutani mwa Fairview. Mawe mengi ni madogo, ya granaiti, yaliyolipiwa na kampuni ya meli, na yanasomwa hivi: jina likijulikana, tarehe ileile moja, na namba. Namba ni mfuatano wa miili ilivyotolewa majini, kwa hiyo ndogo inamaanisha aliopolewa mapema. Namba 4 ni yule mtoto wa viatu. Jiwe lake ni kubwa kwa sababu mabaharia wa Mackay-Bennett walichangishana wakalinunua. Watu wengine hupanga foleni kwenye namba 227, J. Dawson, wakidhani ni Jack Dawson, kijana wa filamu ya Titanic ya 1997. Siye. Ni Joseph Dawson, mpakua makaa wa chumba cha boila, aliyelala hapo miaka 85 kabla filamu haijatungwa.

Africville iko ukingoni mwa Bedford Basin, chini ya daraja la MacKay. Makumbusho yake ni kanisa lililojengwa kwa kuiga lile la zamani, na ukubwa wake usikudanganye ukatenga dakika kumi. Hapa palikuwa na kijiji cha Weusi kwa zaidi ya miaka mia moja. Walilipa kodi kwa halmashauri, lakini maji ya bomba na mifereji ya majitaka hawakuletewa. Walicholetewa ni reli iliyokata kijiji, hospitali ya magonjwa ya kuambukiza na jaa la taka. Miaka ya 1960 wakabomolewa kwa jina la maendeleo, baadhi mizigo yao ikihamishwa kwa malori ya taka ya halmashauri. Kanisa lilivunjwa usiku mwaka 1967. Meya aliomba radhi Februari 24, 2010, na kanisa hili jipya ni sehemu ya fidia. Kiangazi, waliokuwa wakazi na watoto wao hukutana hapo kila mwaka tangu 1983, wakaweka kambi kwenye nyasi zilipokuwa nyumba zao. Ukikuta mkutano huo, mwongozaji bora ni mzee yeyote aliyekaa kwenye kiti chake nje.

Malizia Fort Needham na Hydrostone, zilizo jirani. Hydrostone ni mtaa wa nyumba zilizojengwa kwa matofali ya zege baada ya mlipuko, kwa ajili ya waliopoteza makazi. Karibu kila barabara yake ina uwanja wa miti mbele ya nyumba na kijia cha huduma nyuma, mpango uliokuwa mpya wakati huo. Ni nyumba za watu, siyo maonyesho. Usipige picha madirishani. Panda kilima cha Fort Needham hadi kwenye mnara wa kengele wa 1985. Baadhi ya kengele zake zilitolewa na Barbara Orr, binti aliyepoteza wazazi na ndugu zake wote siku ile. Mnara umeachwa uwazi katikati, nawe ukisimama penyewe uwazi huo unakuelekeza moja kwa moja kwenye shingo ya bandari, mahali Mont-Blanc ilipolipukia.

Kila Desemba 6 watu hukusanyika hapo. Anayetaka kuhudhuria afike saa mbili na nusu asubuhi, avae glavu na viatu vya theluji hata kama katikati ya mji ni pakavu, kwa sababu kilima kiko wazi na upepo unatoka majini. Hakuna viti. Saa tatu na dakika nne wote hunyamaza, halafu kengele zinalia.